Watoto Waliopotea Kwenye Jedwali

Ukiazima kinu, uliza kilitwangiwa nini. Mmenisikia nikimwambia hivyo mwenzenu alipofungua folda ya wote, mkataka kujua nimeutoa wapi msemo huo. Basi vuteni viti. Ulianza kwangu mimi mwenyewe, nilipokuwa na umri wenu.

Ofisi yetu ya takwimu siku hizo ilikuwa chumba kimoja, kompyuta tatu zenye migongo mikubwa, na pangaboi lililolalama mchana kutwa. Aliyetufundisha kazi ni Mzee Shekalaghe. Alipostaafu alituachia makro zake, programu fupi alizoandika mara moja ili sote tuzitumie: unaita jina tu, jedwali zima linatoka, idadi, wastani na asilimia. Mpaka leo naikumbuka raha ya kuona kazi ya siku mbili ikiisha kabla chai haijapoa.

Mwaka mmoja walipimwa uzito watoto wa chini ya miaka mitano wa tarafa nzima, ili wakubwa waamue kama unga wa lishe uendelee kugawiwa. Nikatafuta kwenye folda, nikakuta makro iitwayo “uzito”. Sikuifungua kuisoma. Niliiita tu, jedwali likatoka safi: watoto wana afya njema. Wakubwa wakaanza kusema unga usitishwe.

Nesi Zaituni, aliyewapima watoto hao kwa mikono yake, akaja ofisini na jedwali mkononi.

“Leokadia mwanangu, nilipima watoto mia nne na kumi. Hapa wako mia mbili na sitini. Wengine umewapeleka wapi?”

“Labda fomu zimepotea, mama.”

“Fomu nilikukabidhi, tukazihesabu pamoja. Yule wa miaka miwili mwenye kilo sita, aliyeshindwa hata kulia, yuko wapi?”

Kesho yake nikapanda milimani kwa Mzee Shekalaghe. Nilimkuta uani na mkewe, ambaye alikuwa akisugua kinu alichoazima kwa jirani huku akipiga chafya. Kumbe kilikuwa kimetwangiwa pilipili, na mtama wake wote wa uji ulikuwa umeharibika.

Mzee alinisikiliza, akajishika kichwa.

“Ile niliiandika kwa uzito wa wanafunzi wa shule. Mwanafunzi wa chini ya kilo kumi hayupo, kwa hiyo niliiagiza ifute uzito wa namna hiyo, kama kosa la mwandishi. Nimeeleza mstari wa kwanza kabisa. Hukusoma?”

Nikaangua kilio. Waliouhitaji unga zaidi walikuwa miongoni mwa hao waliofutwa.

Mkewe akaacha kusugua. “Nyamaza, mwanangu. Hata mimi na uzee huu sikuuliza. Ukiazima kinu, uliza kilitwangiwa nini.”

Nilirudi, nikauondoa ule mstari wa kufuta, watoto wote mia nne na kumi wakatokea. Nikasimama mbele ya wakubwa nikakiri kosa. Unga haukusitishwa.

Mzee na mkewe wametangulia. Makro zake bado mnazo, na ni nzuri, zitumieni. Ila kwanza zifungueni, msome alichowaandikia. Ukiazima kinu, uliza kilitwangiwa nini.