Muwa wa Kibwana

"Kuacha sukari si kuacha ndimu." Mmenisikia nikimwambia hivyo mjomba wenu, mkacheka, mkauliza maneno haya nimeyaokota wapi. Haya, kaeni basi! Methali hii ilianza hivi, na mimi nilikuwapo, nimeona kwa macho yangu.

Sisi ni watu wa mashamba ya miwa. Kwetu, siku ya kupokea posa, mchumba hupewa muwa mzima mbele ya wakwe aumenye kwa meno. Kisu marufuku! Akishindwa, anarudi kwao na posa yake.

Sasa Kibwana, fundi baiskeli, alimpenda Mwanahawa, binti wa Mzee Mloka. Alimpenda, jamani! Lakini kijana alizoea chai ya sukari ya kumwaga, na magego yake mawili yalikwisha kuoza yakang'olewa. Akaingiwa na hofu: "Yakiisha haya, muwa nitaumenya na nini?" Akaapa kuacha sukari. Akapanda stevia uani, ule mmea wenye majani matamu kuliko sukari yenyewe. Hapo alifanya vizuri, nasema kweli, maana utamu ule hauwalishi vijidudu wanaotoboa meno.

Ila majani yale huacha uchungu kidogo mdomoni. Kibwana akauzima kwa ndimu. Chupa ya maji, majani ya stevia, ndimu za kukamua bila huruma, anafyonza tangu asubuhi hadi jioni huku anaziba pancha. Ukimwonya, anakujibu, "Haina sukari hii, dada! Kunywa na wewe!" Meno yakaanza kumtia ganzi, maji baridi yakawa yanamchoma, naye akadhani ndiyo anapona. Loo!

Siku ikafika. Ua umejaa, ngoma zinalia, vigelegele haviishi. Mzee Mloka akamkabidhi muwa mnene, mwekundu. Kibwana akafungua kinywa, akauma. Kacha! Sisi wanawake tukashangilia, tukidhani ni ganda. Kumbe ni jino la mbele! Nusu yake imebaki kwenye muwa, na mwenyewe kashika mdomo, machozi yanamlengalenga.

Ngoma zikanyamaza. Mzee Mloka akasimama. "Mila ni mila. Chukueni posa yenu."

"Baba, sukari niliiacha kwa ajili ya muwa huu huu!" Kibwana akalia. "Sijalamba hata chembe!"

Shangazi Chiku, dada yake Mzee Mloka, akaichukua chupa iliyokuwa miguuni pa Kibwana. Akaonja, akakunja uso wote. "Mwanangu, utamu huu hauna kosa. Lakini ukali huu! Ndimu tunasugulia vyombo vya shaba mpaka vinang'aa, wewe unasugulia meno kutwa? Kuacha sukari si kuacha ndimu!"

Watu wakaangua kicheko. Kibwana akainamisha kichwa, akaanza kukusanya vitu vyake aondoke.

Mara mlango ukafunguka, paa! Mwanahawa, ambaye siku ile hakutakiwa hata kuonekana, akatoka mbio, akautwaa ule muwa. Akaumenya kwa meno yake mwenyewe, maganda yanaruka huku na huku, mpaka ukabaki mweupe. Akapiga goti, akampa baba yake kwa mikono miwili.

"Meno ninayo mimi, baba. Nisichokuwa nacho ni mume kama huyu."

Mzee Mloka akautazama muwa, akamtazama binti yake. Akauma kipande, akatafuna polepole, ua mzima tumeshikilia roho mkononi.

"Mtamu," akasema.

Weee! Tulipiga vigelegele mpaka sauti zikatukauka! Kibwana akaoa na jino lake nusu, maana jino la mtu mzima likimeguka halioti tena, akawa mtu wa maji matupu. Basi nanyi, wajukuu zangu, mkiambiwa kinywaji hakina sukari, furahini, lakini ulizeni pia kina nini. Kuacha sukari si kuacha ndimu.