Pikipiki Isiyo na Ufunguo

Asubuhi moja ya mwaka wa themanini na tatu, wanakijiji wa Gwata walichelewa kwenda kwenye shamba la kijiji. Kilichowachelewesha ni pikipiki nyekundu iliyosimama mbele ya nyumba ya Mfaume. Enzi zile hata kipande cha sabuni kilikuwa cha kupanga foleni, sembuse pikipiki! Chombo kama kile kuja chenyewe kijijini kutafuta mnunuzi ni jambo la kumfanya mtu yeyote ajiulize. Mtu yeyote, isipokuwa Mfaume.

Mfaume alikuwa mkulima hodari wa mihogo, mwenye moyo mweupe, ila alikuwa na ugonjwa mmoja: aliona haya kuuliza. Kwake yeye, anayeuliza ni mshamba. Alikuwa radhi kupotea njia kutwa nzima kuliko kumsimamisha mpita njia.

Mwenye kuiuza alijiita Isihaka, mkazi wa Tangini, Kibaha, na ulimi wake ulijaa asali. Alisema hataki fedha. Anataka cherehani tu, mkewe apate kazi ya kufanya. Cherehani ya mkono kwa pikipiki! Mfaume akaona kweli amezaliwa na nyota ya jaha.

Sasa, cherehani yenyewe ilikuwa ya mkewe, Sikuzani. Marehemu baba yake ndiye aliyemnunulia kwa mauzo ya korosho, na kwayo aliwashonea sare watoto wa shule. Wiki ile alikuwa amekwenda kwao Maneromango kumwangalia mama yake.

Pale penye watu alikuwapo Mwanakheri, binti wa shangazi yake Mfaume. Kwa desturi yao mabinamu ni watani. Huambiana lolote na hakuna kununa. Mwanakheri aliizunguka pikipiki, mikono kiunoni.

"Kaka Isihaka, ufunguo wake uko wapi?"

"Uliniponyoka nikivuka Ruvu, dada."

"Ukazama wenyewe, pikipiki ikaendelea na safari?" Watu wakacheka. "Na kadi yake je?"

"Iko kwa kaka yangu, Dar es Salaam. Nitaileta."

"Alaa! Kumbe kadi imekwenda mjini kuutafuta ufunguo! Na hii mikwaruzo penye kitasa, ni kucha za mamba wa Ruvu?"

Kicheko kilivuma. Isihaka naye alicheka, ingawa jasho lilikuwa likimtiririka shingoni. Mwanakheri peke yake hakucheka.

"Mfaume, sitanii. Sikuzani anajua?"

"Haya, umeshaanza utani wako," Mfaume alijibu huku akijifuta machozi ya kicheko. "Cherehani ni ya mke wangu, na mke wangu ni wangu."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Laiti maswali yale yangeulizwa na mtu baki, huenda yangemzindua. Lakini yalitoka kinywani mwa mtani, na neno la mtani, hata likiwa kweli tupu, hupokewa kama mzaha. Isihaka aliifunga cherehani katika shuka, akajitwika begani, akashika njia ya Mlandizi bila hata kunywa maji aliyokaribishwa.

Kesho yake Mfaume aliunganisha zile nyaya mbili alizoonyeshwa na Isihaka chini ya tangi, pikipiki ikanguruma. Safari ilikuwa ya Maneromango. Alitaka kumshtua mkewe kwa furaha, ampakie mbele ya wakwe zake, arudi naye Gwata kifua mbele. Alipita Mlandizi, akapita Mzenga, akiukwepa mchanga na mashimo, na kila aliyempungia mkono alizidi kumvimbisha kichwa.

Alipoingia Maneromango, watoto walimkimbilia wakipiga kelele, "Pikipiki ya Bwana Shamba! Pikipiki ya Bwana Shamba imepatikana!" Mfaume alitamani kuuliza wana maana gani. Akaona haya, akawapigia honi.

Alikuwa ndiyo kwanza anamwamkia mama mkwe, "Shikamoo, mama," uwanja ulipojaa watu. Mbele yao walikuwapo mgambo wa kijiji aitwaye Jumbe na Mwinyimadi, bwana shamba ambaye pikipiki yake iliibwa alipokuwa akikagua mikorosho.

"Ufunguo uko wapi?" Jumbe aliuliza.

"Ulianguka Ruvu."

"Kadi?"

"Iko kwa kaka yake... yake huyo aliyeniuzia."

"Na mikwaruzo hii?"

Mfaume aliitazama kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. Maswali yalikuwa yaleyale ya Mwanakheri, ila safari hii hakuna aliyecheka. Mwinyimadi alitoa ufunguo mfukoni, akauchomeka, akauzungusha. Taa ndogo ya kijani ikawaka.

"Mwanangu," mama mkwe alisema kwa upole, "hukumwuliza ameipata wapi?"

"Niliona haya, mama."

Sikuzani alisogea karibu. "Wewe ulimpa nini?"

"Cherehani."

Sikuzani aliketi mchangani palepale. Hakulia wala hakutukana. "Nilikuwa hapa tu, Mfaume," alisema. "Sikuwa nimekufa. Kwa nini hukuniuliza?"

Jumbe alimfikisha Mfaume kituo cha polisi Kisarawe, Mfaume akaeleza yote, na polisi walipoona kuwa naye ametapeliwa, walimwachia. Alikwenda Tangini kwa miguu kumsaka Isihaka. Hakuna aliyepata kumsikia mtu wa jina hilo.

Tangu hapo, kila alipopata nafasi shambani, Mfaume alipita baraza hadi baraza, Kibaha na Kisarawe, popote palipokuwa na fundi anashona. "Samahani, fundi. Cherehani hii umeipata wapi?" Wengine walimwonea huruma, wengine walimfukuza. Siku moja pale Mlandizi fundi mmoja aliangua kicheko.

"Bwana mkubwa, mtu mzima kama wewe huoni haya kuulizauliza kama mtoto?"

Mfaume alipiga magoti, akaichungulia cherehani ile kwa makini, akaona siyo. Akanyanyuka, akajipangusa vumbi magotini kabla ya kuliendea baraza la pili.

"Cheka tu, ndugu yangu," alisema. "Kuuliza si ujinga."