Sifa za Gari Jekundu

Shekilindi, tajiri wa Tanga, alitumia mapato ya miaka mitatu kununua gari jekundu la spoti. Siku hiyohiyo alimwambia Bi Mwantumu, aliyeuza vitumbua mbele ya nyumba yake, "Ondoka. Hapa nitaegesha gari."

Vitumbua ndivyo vilivyomlisha yeye na wanawe. "Sawa, bosi. Nipe siku tatu tu. Gari liwekwe hapa kando yangu."

Kesho yake wateja walilizunguka gari.

"Bosi, hili gari au ndege?"

"Ukipita nalo, hata jua linaona haya!"

Shekilindi alicheka mpaka chai ikamwagika. Siku ya tatu, saa moja asubuhi, alikuwa nje amevaa suti. Mwantumu alikuwa akifunga mizigo.

"Unakwenda wapi? Na watu hawa je?"

"Wanafuata vitumbua, bosi. Nikihama, nao watahama."

Tajiri aliwatazama watu, akalitazama gari. "Bi Mwantumu, sijapata raha kama hii tangu nizaliwe. Kaa hapohapo, wala hutaguswa."

Alipoingia ndani, Mwantumu aliwageukia wateja. "Haya, jamani, vitumbua vya bure mwisho leo. Kuanzia kesho, anayetaka kulisifu gari alisifu kwa hiari yake."