Kuku Aliyeota Meno ya Mwanatumu

Paukwa?

Pakawa!

Pakawa kuku mwenye meno. Malizeni kucheka, nami nisimulie.

Hapo zamani palikuwa na mtoto, Mwanatumu, na rafiki yake kuku, Kishungi. Mchana kutwa walipiga soga, kwani zamani hizo mtoto mwenye meno ya utoto aliyasikia maneno ya kuku kama anavyosikia ya mama yake.

Siku moja jino la Mwanatumu likang'oka. Desturi mnaijua: jino hurushwa juu ya paa la nyumba, mtoto akasema, "Panya, panya, chukua bovu, nipe jipya." Mwanatumu akarusha, paa likamshinda. Akarusha tena, likamshinda. Mara ya tatu akalirusha juu ya banda la kuku. Paa ni paa, alijiambia, mvivu yule.

Panya wa banda alikuwa mtu wa kazi, haulizi maswali. Jino jipya akampelekea mwenye banda.

Asubuhi Kishungi akaamka na jino. Likamng'oka Mwanatumu la pili, likarushwa palepale, Kishungi akaota la pili. La tatu, vivyo hivyo. Kwa moja akaguguna mahindi. Kwa mawili akamenya muwa. Kwa matatu akamng'ata paka mkia, na aliyeomba radhi ni paka.

Mama akasema, "Kuku mwenye meno ni nuksi. Ijumaa ni mchuzi."

"Shoga, niokoe," akasema Kishungi. "Nimezoea kutafuna, sijazoea kutafunwa."

Mwanatumu akamwendea panya mbio. "Panya, nirudishie meno yangu."

"Nitakurudishia," akasema panya. "Lakini haya ni meno ya ukubwa. Yakiingia kinywani mwako, maneno ya kuku hutayasikia tena."

Mwanatumu akalia, akalia sana, maana hakuwa na rafiki mwingine. Kisha akaenda bandani.

"Sema la mwisho," akamwambia Kishungi.

"Pumba za jana zilikuwa chache," akasema Kishungi. "Nami nakupenda."

Mwanatumu akafumbua kinywa. Meno yakahama, tap, tap, tap. Mama alipokuja na kisu akachungulia mdomo wa kuku, asione kitu, akarudi jikoni kupika kunde.

Tangu hapo, kila asubuhi Mwanatumu aliketi mlangoni pa banda akamsimulia Kishungi habari zote za nyumbani. Kishungi alisema, "Kokoko." Mwanatumu akajibu, "Hata mimi."

Basi wanangu, rafiki usipomwelewa, usimhame.

Hadithi yangu imetua. Ikiwa tamu, tuitafune pamoja. Ikiwa chungu, niachieni niimung'unye peke yangu, maana meno yangu mimi niliyarusha kwa jirani.