Kiboko Aliyetua Asifike

Paukwa.
Pakawa.
Ndege?
Imetua.
Mwenye ndege?
Hajafika.
Basi kaeni, niwaambie alikwamia wapi.

Ulikuwa mwaka wa kiangazi. Katika nchi ya Milimani lilibaki bwawa moja tu, na maji yake yalimfika Pelele magotini. Pelele ni mnyama mdogo wa kwenye mawe, kimo chake cha sungura, mkia hana. Kwa hiyo magoti yake si kipimo kikubwa. Watoto wake walikunywa asubuhi, wakanywa jioni, wakangoja mvua.

Siku moja angani kukasikika ngurrr, ngurrr. Ikaja ndege ndogo kutoka nchi ya Mtoni, ng'ambo ya mpaka. Ikatua kando ya bwawa, bu, bu, buuu. Akashuka Kiboko. Ndege ilikuwa yake binafsi. Aliipata wapi, ngano haisemi.

Kiboko akaingia bwawani, chubwi. Akanywa, akapumzika, akanywa tena. Alipotoka, maji yalimfika Pelele kwenye kifundo cha mguu. Kisha Kiboko akaanza kushusha mapipa matupu.

Mke wa Pelele akamwambia mumewe, "Ukimpiga atakukanyaga. Ukimlilia atakunywa na machozi yako."

"Sitampiga, sitamlilia," akasema Pelele. "Nitampokea."

Akashuka jiweni, akasimama mbele ya Kiboko.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa."

"Marahaba. Sogea, kipande cha mnyama, nisije nikakukanyaga bure."

"Nasogea. Ila nauliza, umeshagongewa muhuri?"

"Muhuri wa nini?"

"Wa kuingia. Ndege ya nje ikija kwetu hutua kwanza kwenye uwanja wa kuingilia, kule Mwambani. Inapuliziwa dawa, mwenyewe anaulizwa maswali, anagongewa muhuri. Baada ya hapo hutua anapotaka. Ndiyo utaratibu."

"Mimi nimeshatua ninapotaka. Nani wa kunizuia? Wewe?"

"Mimi? Mimi hata kivuli changu nakikimbia. Nawaza kwenu tu. Ukirudi na mapipa ya nje bila muhuri, watu wa forodha watasema ni magendo. Watayanywa mbele yako. Si unawajua."

Kiboko aliwajua. Mkuu wa forodha wa Mtoni alikuwa shemeji yake.

"Na nikiwa na muhuri?"

"Mwenye muhuri haulizwi amebeba nini."

"Hata nikibeba bwawa zima?"

"Hata bwawa zima, na tope lake."

Kiboko akatazama maji. Akatazama mapipa. Mapipa yalitosha.

"Panda," akasema. "Unionyeshe njia."

Wakaruka, ngurrr. Wakauvuka mlima, wakatua Mwambani. Mwambani hapana mti, hapana maji, na kivuli ni cha ofisi peke yake. Kabla Kiboko hajainuka kitini, akaja Kicheche, afisa wa afya.

"Funga madirisha," akasema Kicheche. "Ndege za nje huja na mbu."

Akaingia, akafunga mlango, akainua mkia. Fyuuu. Kiboko akatoka ndani akijikwaa, macho yanamtiririka.

"Ndiyo utaratibu," akasema Pelele, ambaye alikuwa ameshuka mapema.

Wakaenda ofisini. Humo alikaa Kobe, afisa wa kuingiza wageni. Kobe alimtazama Kiboko. Akaitazama ndege. Akamtazama Kiboko tena.

"Kibali cha kutua uliomba kabla ya kuruka?"

"Sikuomba. Gonga muhuri, mzee, nina haraka."

"Haraka ni yako. Umetokea wapi?"

"Mtoni."

"Mara ya mwisho uliruka wapi?"

"Pale bwawani, ng'ambo ya mlima."

Kobe akauweka muhuri chini.

"Bwawani ni ndani ya nchi yetu. Ndege inaingia ikitoka nje. Iliyotoka ndani siwezi kuiingiza."

"Basi nitatoka nje, niingie upya."

"Kutoka kunataka ruhusa ya kutoka. Ruhusa ya kutoka hupewa aliyeingia. Wewe hujaingia."

"Niingize, basi."

"Siwezi. Umetokea ndani."

"Niache nitoke."

"Siwezi. Hujaingia."

Kiboko akafungua kinywa chake chote, meno yote yakaonekana. Kobe akaingiza kichwa gambani.

"Ofisi imefungwa," sauti ikatoka ndani.

Kiboko akakimbilia ndege yake, akawasha. Ngurrr, ngurrr. Ndege haikusogea. Ndugu zake Kobe walikuwa wamejisogeza chini ya magurudumu, kila gurudumu kobe mbele, kobe nyuma. Kiboko akazidisha moto. Ngurrr, ngurrr. Kobe ni wale wale, ndege ni pale pale. Mafuta yakaisha.

Hapo ndipo alipomkumbuka Pelele. Pelele alikuwa ameshaingia kwenye ufa wa mwamba, ufa usiopitisha hata sikio la Kiboko.

"Ni wewe uliyenileta huku."

"Nilikuleta uwanja sahihi, Bwana Mkubwa. Ulikotoka ndiko kulikokosewa."

"Toka humo tuongee kiume."

"Sitoki. Hata mimi sina ruhusa."

Jua likapanda. Ngozi ya Kiboko ikaanza kukakamaa, kisha ikapasuka mgongoni. Ndege haina bwawa ndani, na mapipa yalikuwa matupu. Akaona akingoja atakufa mlangoni mwa nchi ya watu. Akageuka, akaanza kuteremka.

Kobe akatoa kichwa. "Unakwenda wapi?"

"Nyumbani."

"Kwa ndege?"

"Kwa miguu."

Kobe akafikiri. "Waenda kwa miguu si kazi yangu."

Kiboko akateremka mpaka kwenye mto wa mpakani. Hakuna aliyemuuliza kibali. Hakuna aliyempulizia dawa. Akaingia majini, akalala katikati, ubavu mmoja nchi hii, ubavu mmoja nchi ile, asipate mtu wa kumuuliza ametokea wapi. Tangu siku hiyo, akisikia kinachonguruma angani, huzama, akabakiza masikio, macho na pua.

Pelele alirudi kwa njia ya mawe. Maji yalikuwa bado yako kifundoni. Watoto walikunywa asubuhi, wakanywa jioni, na mvua ilipokuja walikuwapo wote kuipokea.

Ndege bado iko Mwambani. Haijaingia, haijatoka.

Funzo la hadithi hii ni kwamba mgeni anayejitulia apendapo katika nchi ya watu hutua asifike.

Nimeishusha hapa ngano yangu. Ikiwapendeza, ivusheni. Isipowapendeza, mwachieni Kobe.