Waliomvusha Nasemba Kilangoni

Hapo zamani, si zile za wanyama kusema, bali hizi ambazo magari yalikwisha kufika, palikuwa na mwanamke katika milima ya Upare aliyependa kutembea kwa miguu. Jina lake Nasemba. Alilima tangawizi, na dada yake aliolewa upande wa pili wa mlima. Barabara ya gari iliuzunguka mlima wote mpaka huko. Watu wakimwambia, "Nasemba, panda gari," yeye hujibu, "Kwenye gari nitaona kisogo cha dereva. Niacheni nipite mlimani."

Basi kila mwaka, kiangazi kinapokaribia kwisha, tangawizi imevunwa na mvua za vuli bado, Nasemba hufunga mzigo wake akapanda. Juu kabisa palikuwa na pengo kati ya vilele viwili, nalo waliliita Kilango. Ukifika Kilango, unaona mabati ya kijiji cha dada yake yaking'aa huko chini. Hapo Nasemba husimama, akavuta pumzi, akasema, "Asante, Mungu, umenifikisha tena."

Mwaka mmoja magoti yalianza kumuuma. Mwanawe akasema, "Mama, safari hii huendi peke yako." Akamtoa mkewe, Namkunda, amsindikize mama mkwe. Akamwomba pia jirani yao Senkondo, fundi wa kuta za mawe, mtu mwenye mgongo mpana na maneno machache.

Mwanzo wa mlima wakamkuta mwanamke mgeni amekaa juu ya jiwe, shanta kubwa mgongoni. Aliitwa Tusajigwe, ametoka Rungwe. Kwa miaka mingi alikuwa ameweka akiba ili aitembee milima ya nchi mmoja baada ya mwingine, akilala katika hema lake. Huu ulikuwa wa kwanza.

"Mama, njia ya Kilango ni hii?" akauliza.

"Ni hii, mwanangu. Twende, njia haipendi mtu mmoja."

Wakapanda. Wakapita mashamba, wakapita msitu, wakapita mahali miti inapokwisha na nyasi zinapoanza. Nyasi zilikuwa zimekauka, zinalia miguuni. Jua lilichoma, upepo ukapoza. Nasemba alimwonyesha mgeni kila kitu kana kwamba anamtembeza shambani kwake, hadi mwamba aliozoea kuegemea alipokuwa msichana. Wakacheka, wakanywa maji bila kubania, kwa sababu chini kidogo ya Kilango palikuwa na chemchemi, na kila mwenyeji alijua atajaza hapo.

Wakafika kwenye chemchemi. Chemchemi ilikuwa tope lililopasuka.

Chupa ya Nasemba tupu. Ya Namkunda tupu. Ya Senkondo tupu. Tusajigwe peke yake ndiye aliyekuwa na chupa iliyojaa, maana maji asiyoyaona kwa macho hakuyahesabu.

"Tusimame hapa kidogo," akasema Namkunda.

"Tusimame tufanye nini? Kilango ni pale," akasema Nasemba, akatangulia.

Pale Kilangoni mawe yalikuwa yamelegea. Nasemba aliinua uso atazame mabati ya kijiji cha dada yake. Jiwe likateleza, naye akateleza nalo. Walipomfikia alikuwa amekaa, amelishika paja kwa mikono miwili, na mguu chini ya goti umekwenda upande usiokuwa wake.

Hakupiga kelele. Alisema tu, "Jamani, nimevunjika."

Tusajigwe akavua shanta. Akamfunga mguu kwa fito za hema lake, akakaza kwa kamba za hema lake. Kisha akatoa chupa yake, akampa Nasemba, akasema, "Kunywa, mama."

"Na wewe je?"

"Mimi nimekunywa." Alikuwa hajanywa.

Sasa njia za kushuka zilikuwa mbili. Moja iliporomoka moja kwa moja ndani ya korongo, fupi, unafika kijijini mara. Nyingine ilizunguka bega la mlima, ndefu, jua lote kichwani. Senkondo akachutama, akasema, "Mpandisheni mgongoni. Napita korongoni."

"Hapana," akasema Namkunda.

Wote wakamtazama. Namkunda alikuwa mtu asiyepandisha sauti mbele ya mama mkwe.

"Kule chini kuna moshi. Tazameni, mwembamba, pembeni ya shamba. Wanachoma mashamba. Upepo ukigeuka, korongo litauvuta moto juu kama bomba."

"Moshi ule uko mbali," akasema Senkondo. "Tutakuwa tumeshapita."

Nasemba mwenyewe, jasho likimtoka kwa maumivu, akasema, "Senkondo, pita korongoni. Mimi ndiye mwenye mguu."

"Mama, hapana."

"Tangu lini mkaza mwana akamwamuru mama mkwe? Unataka nife juani? Mwanangu alioa mtu wa namna gani?"

Maneno hayo yalimchoma Namkunda, machozi yakamlenga. Lakini alikwenda mahali njia ya korongo inapoanzia, akalala chini, njia ikazibika.

"Nisamehe, mama," akasema. "Nikanyageni, mpite."

Nani angemkanyaga? Senkondo akashusha pumzi, akageukia njia ndefu.

Machela isingepita kwenye njia ile, ni nyembamba, upande huu mwamba na upande ule shimo. Tusajigwe akatandaza hema lake, akatoa kisu, akalichana vipande viwili. Kwa turubai lile wakamfunga Nasemba mgongoni kwa Senkondo kama mtoto katika mbeleko.

Senkondo akatembea. Bega la mlima halina kivuli. Akatembea. Kiatu kimoja kikaachia soli, akakitupa. Akatembea. Kila Nasemba alipoguna, alisema, "Vumilia, mama, tunashuka." Namkunda alitangulia akiondoa mawe njiani. Tusajigwe alikuja nyuma ameushikilia mguu uliofungwa usigonge, na kila walipopumzika alimpa Nasemba maji kwa kizibo cha chupa, kidogo kidogo, yeye midomo imepasuka. Mwishowe hakuweza kusema tena. Alionyesha kwa mkono tu.

Walipofika nusu ya bega, upepo ukageuka.

Walisikia kabla ya kuona. Mlio kama wa mvua kubwa juu ya bati. Wakageuza shingo. Korongo lote lilikuwa limewaka, moto ukipanda kuelekea Kilango kwa mbio ambazo mtu hana. Joto likawafikia hapo walipo, ng'ambo ya pili.

Nasemba, mgongoni kwa Senkondo, alinyoosha mkono akamshika Namkunda kichwani, akauacha mkono pale.

Jua lilipokuwa linashuka wakaingia kijijini. Watu wakawapokea kwa maji, kwa uji, kwa vilio. Tusajigwe alianguka mlangoni, wakamfufua kwa maji ya chumvi na sukari. Mgongo wa Senkondo ulikuwa umechubuka, na kwa muda mrefu baadaye hakuweza kuinua jiwe la ujenzi. Nasemba alitibiwa, mguu ukaunga, akatembea tena. Lakini Tusajigwe hakuwa na hema tena, wala uwezo wa kununua lingine. Milima mingine yote ikabaki kusubiri.

Siku Nasemba alipoitupa fimbo ya kutembelea, alichinja kuku, akaita watu, akamwita na Tusajigwe kutoka Rungwe. Walipokwisha kula akatoka zizini anavuta mtamba mwekundu mwenye mimba, ng'ombe pekee aliyekuwa naye.

"Nimeishi kwa sababu yenu," akasema. "Ningekuwa na ng'ombe watatu, ningelala usingizi. Ninaye huyu tu, na ng'ombe wa shukrani hakatwi vipande. Semeni nimpe nani."

Namkunda akasema, "Mama, mpe Tusajigwe. Mimi ni mtu wa nyumba yako, nilikuwa namlinda wa kwangu. Yeye hakukujua. Alikupa maji yake yote, akaichana safari yake kwa kisu."

Tusajigwe akasema, "Mama, mpe Namkunda. Maji yangu na hema langu vingeungua pamoja na sisi korongoni. Mimi nilitoa vitu. Yeye alitukanwa, na hakuondoka njiani."

Wakamtazama Senkondo. Watu walidhani naye atasema mpe fulani. Senkondo alikuna shingo, akatazama chini, akasema, "Mimi namtaka."

Minong'ono ikapita uani.

"Sioni haya," akasema. "Korongoni nilikosea, Namkunda alikuwa na haki. Lakini Namkunda kuwa na haki hakukumfikisha mtu kijijini, wala maji hayana miguu. Mgongo ulikuwa huu. Na tangu siku ile sijajenga. Mke wangu amejifungua mapacha, maziwa hayawatoshi. Mtu akinipa, nitapokea kwa mikono miwili na kumwombea kila asubuhi."

Nasemba alilia, akacheka, akalia tena. "Nyote mmesema kweli," akasema. "Namkunda, nikikupa wewe, watu watasema nimehamisha ng'ombe zizi moja. Tusajigwe, nikikupa wewe, utamsafirishaje? Utamuuza. Nawe Senkondo, kama si huyu binti kulala njiani, ungenibeba mpaka motoni. Na bado, bila nyinyi nyote, leo ningekuwa majivu."

Wenye busara wa kijiji walibishana mpaka jua likatua, hawakuafikiana. Nasemba amesimama katikati ya ua, kamba mkononi, na mtamba anatafuna majani bila haraka.

Nami nawaachia nyinyi mliosikia. Yupo aliyekataa, yupo aliyetoa, yupo aliyebeba. Kamba ile ingekuwa mkononi mwako, je, ungemkabidhi nani?