Jeraha la Mwezi

Sikilizeni, wanangu. Zamani za kale hizo, wanyama walipokuwa na nyumba na majiko yao, ukame uliingia nchi ya miamba. Likabaki bwawa moja, naye Ndovu akalizuia.

"Ondokeni!" alinguruma. "Tazameni mwezi!"

Ilikuwa alasiri, mwezi umetoka mapema. Usoni pake palikuwa na alama ya mviringo, yenye michirizi myeupe iliyotawanyika pande zote.

"Ule ni unyayo wa babu yangu. Aliyekanyaga mwezi ndiye mwenye maji, nami ndiye mrithi wake."

Wanyama wakainamisha vichwa. Nani angebishana na mwezi?

Pimbi, yule mnyama mdogo wa miambani, alikuwa amemzika kitindamimba wake asubuhi ile. Wawili waliobaki walilala nyumbani, ndimi zimekauka. Akawanong'oneza majirani, nao wakaleta vyungu vyao, wakavipanga kuzunguka bwawa.

"Vyungu vya nini?" Ndovu aliuliza.

"Tunahama, Mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Maji sikupi."

"Sikuja kuomba maji, nimekuja kuuliza. Macho yetu sisi pimbi ni makali. Ule unyayo una ukingo ulioinuka kama mdomo wa chungu, na katikati pana kilima. Mguu gani huacha kilima?"

Ndovu akakanyaga udongo, puu! Alama ikatoka bapa kama ungo. Wanyama wakaguna.

"Kama si unyayo, ni nini?" Ndovu aliuliza.

"Ni jeraha, Mzee. Jiwe lilitoka mbali angani, likaupiga mwezi kwa kishindo, mwamba ukaruka kama maji."

"Mwamba uruke kama maji? Mwongo wee!"

"Basi niumbue. Mimi naweza kurusha kokoto tu, wewe una mkonga. Tupa lile jiwe kubwa la ukingoni bwawani, wote waone."

Hasira zikampanda. Akalinyanyua jiwe, akalivurumisha. Chubwiii!

Maji yakafunguka shimo. Ukingo ukainuka duara, michirizi myeupe ikachomoka pande zote, kisha katikati maji yakapanda yakawa kilima. Wote waliona.

"Maji hujifunga tena," Pimbi alisema polepole. "Mwamba wa mwezi uliganda ukiwa umeinuka vile."

"Bado!" Ndovu alifoka. Akatupa jingine, na jingine, akiutafuta unyayo wa babu yake. Chubwi! Chubwi! Kila mara kilima kilipanda, na kila mara michirizi ilitua vyunguni.

Vilipojaa, wanyama wakajitwika.

"Wezi! Maji yangu!"

"Hakuna aliyeligusa bwawa lako, Mzee," Pimbi alijibu. "Umetugawia mwenyewe."

Ndovu akautazama mwezi. Akasogea pembeni, njia ya bwawa ikawa wazi.

Pimbi alifika nyumbani mbio. Akawalowesha wanawe midomo, mmoja, kisha wa pili. Wa pili alichelewa kufumbua macho, mama akamwita na kumwita. Mwisho akafumbua, akasema, "Mama, niongeze."

Wanangu, mwenye nguvu akidai kwamba hata mbingu ni shahidi wake, msiogope kumwuliza maswali.